Visiki Vilikuwa Hai

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kwamba mvua ndiyo iliyotuacha. Nilisema hivyo mnadani, nikasema hivyo kanisani, na wanangu waliponiuliza kwa nini kisima cha babu yao kinakauka mwezi wa saba wakati zamani kilifika mwezi wa kumi, niliwajibu hivyo hivyo. Nilikuwa mfugaji na mkulima wa pamba mkoani Shinyanga. Nilikuwa na ng'ombe wa kunipa heshima mbele za watu, na ardhi niliyoikanyaga kila siku sikuwahi kuitazama. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye huenda yuko pale nilipokuwa. Sikusudii kumhukumu. Mimi mwenyewe nilichelewa sana, na nilichopewa baadaye sikukistahili.

Kwetu ni nchi ya miinuko midogo. Juu kabisa kuna majabali ya matale, na chini yake tulikuwa tukijibanza mvua ikitukuta machungani. Ukishuka kutoka kwenye majabali unakanyaga kichanga, tunachokiita luseni. Ukiteremka zaidi unakutana na udongo mgumu wa ibambasi, ambao plau hugoma kuuingia, na bondeni kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Kila udongo una majani yake na miti yake. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliufuatilia mpangilio huu wa kilimani hadi bondeni, na maelezo yake yakasomwa mbali sana. Wazee wetu walikuwa wameshavipa vyote majina. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa kawaida milimita kati ya 600 na 900 kwa mwaka, kisha miezi mitano au sita ya jua tupu. Kiangazi kirefu namna hiyo hakiruhusu msitu mnene, na mvua kiasi hicho ni nyingi kwa jangwa. Kinachoota hapo katikati ni savana: nyasi, na miti iliyoachana. Nilizaliwa ndani yake nikadhani ni pori tu.

Miti tulilelewa kuiona adui, na hilo lilikuwa na sababu. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe. Walipokwisha, hapakuwa na wa kula nyasi wala wa kukanyaga machipukizi, na vichaka vikafunga. Vichaka vikakaribisha wanyamapori, na pamoja nao mbung'o. Mbung'o hawezi jua kali. Anataka kivuli, na hata kuzaa kwake si kwa mayai. Huzaa funza mmoja kwa wakati, akamwacha ajifukie kwenye udongo laini chini ya kichaka. Ng'ombe waliorudi wakafa kwa nagana, watu wakaugua malale. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikawakusanya watu kwa wingi wakate vichaka. Aliyeongoza utafiti wa mbung'o, C. F. M. Swynnerton, alikuwa na makao yake hapa hapa Shinyanga, na yuko mbung'o ambaye hadi leo jina lake la kitaalamu limetokana na la kwake.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba mashoka. Aliisimulia kazi ile kwa fahari, na alikuwa na haki ya kujivunia, maana mbung'o walipungua na ng'ombe wakapona. Lakini baba yangu alirithi shoka bila kurithi sababu yake, nami nikarithi kwa baba. Mbung'o wameshaondoka, sisi tunakata tu.

Babu huyo huyo alikuwa na ngitili. Msomaji wa mbali huenda hajaisikia. Kila mvua zilipoanza alifunga kipande cha malisho karibu na nyumba, mfugo wowote usiingie, na nyasi zikapanda hadi kifuani. Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai au Agosti, alikifungua kidogo kidogo kwa ndama, kwa ng'ombe dhaifu, na kwa maksai waliotakiwa kuwa na nguvu za kuvuta plau mvua zikirudi. Aliyeingiza mifugo kwa wizi alifikishwa kwenye dagashida, mkutano wetu wa kimila, na faini yake haikuwa ndogo. Nilichunga humo nikiwa mtoto. Sikumbuki kujiuliza hata mara moja kwa nini pale nyasi zipo wakati kwingine zimekwisha.

Operesheni Vijiji ilipotufikia mwaka 1974 tulihamia karibu na barabara, na ngitili ya babu ikabaki nyuma bila mlinzi. Kila aliyepita na ng'ombe aliiingia, nikiwemo mimi mjukuu wake. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na pamba ilikuwa na bei. Pamba ilitaka mashamba mapya, tukafyeka. Bei ikishuka, nilichoma mkaa nikaupeleka mjini kwa baiskeli. Nilianza na miti mikubwa. Ilipokwisha nilikata midogo, na midogo ilipokwisha nilianza kufukua visiki. Wake zetu wakawa wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichoanikwa. Kinyesi kile ndicho kingerudi shambani. Wale wadudu weusi wanaokiviringisha wangekifukia, mchwa wangekibeba, udongo ungeshiba. Sasa kilikuwa kinaishia jikoni kwa sababu mimi nilimaliza kuni. Sikuliona hilo. Niliona mavuno yanapungua, nikasema ni mvua.

Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania, na Mwalimu Nyerere mwenyewe ni mmoja wa waliolitumia jina hilo. Mwaka 1986 serikali, ikisaidiwa na Norway, ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouzoea kwa jina la HASHI. Mwanzoni walihimiza kupanda miche. Mingi ilikufa kiangazi cha kwanza, nami nilifurahi moyoni. Ni vibaya kufurahia mche uliokufa, lakini nilifurahi, kwa sababu ulipokufa nilipata ruhusa ya kuendelea kama nilivyokuwa. Baadaye mradi ukageukia ngitili za wazee. Walipokuja kijijini kwetu kuwaomba watu wafunge malisho yao, nilisimama kwenye mkutano nikasema ng'ombe wangu hawatakula ahadi. Watu walinipigia makofi.

Waliokubali walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa jirani yangu aliyefunga sehemu ya mteremko iliyopakana na yangu. Alifariki miaka michache baadaye, akabaki mjane wake, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mayu. Aliendelea kuifunga ngitili ile peke yake, mwaka hadi mwaka. Mayu alikuwa na macho mekundu. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa nayo, na sasa najua sababu yake ni moshi wa kinyesi na mabua, miaka na miaka ndani ya jiko lisilo na dirisha. Lakini kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa na tafsiri nyingine, ya uchawi, na wasomaji wa Shinyanga na Mwanza wanajua ni wazee wangapi wameuawa kwa tafsiri hiyo. Minong'ono ilipoanza juu ya Mayu sikuikemea. Zaidi ya hapo, nami nilinong'ona.

Na usiku, mwezi ukiwa mdogo, nilikuwa nafungua ng'ombe wangu na kuwaingiza kwenye ngitili yake.

Msimu wa 1996 kwenda 1997 mvua zilikatika mapema. Mbugani nyasi ziliisha kabla ya Juni, na lambo la kijiji likabaki tope. Kila asubuhi tulianza kwa kunyanyua ng'ombe walioshindwa kusimama, mmoja ameshika mkia, wawili wako mbavuni. Mnadani bei ilianguka mpaka ng'ombe mzima akabadilishwa na gunia la mahindi. Ndani ya nyumba tulikuwa tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na michembe nayo ilikuwa inahesabiwa. Sikumwomba Mayu chochote. Ningeanzia wapi?

Alikuja yeye, asubuhi, wakati nimeinama juu ya ndama aliyelala. Akanisalimu, "Mwangaluka, baba," kama siku zote. Nikamwitikia bila kuinua uso. Alimtazama ndama, akaniambia nyasi za kwake zipo, nilete ndama wote na maksai wa plau. Wakubwa wengine nisiwalete, hazitawatosha. Nilikuwa bado sijapata neno la kujibu, akaongeza, "Na yule mwenye kwato iliyopasuka mlete. Njia anaijua."

Nilikuwa na dume moja lenye kwato iliyopasuka mguu wa kulia wa mbele. Alama yake kwenye vumbi haikufanana na ya ng'ombe mwingine yeyote kijijini. Alikuwa akiijua muda wote huo. Angeweza kunipeleka kwa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, na ningetozwa ng'ombe mzima, na hata ile minong'ono lazima ilikuwa imemfikia. Alisubiri mpaka nilipokuwa sina kitu, akaja kunipa.

Ng'ombe wakubwa wengi nilipoteza mwaka ule. Ndama walibaki hai wote, na maksai walilima. Zizi nililo nalo leo limetokana na ndama wale, yaani limetokana na nyasi ambazo nilikuwa nikiziiba.

Ningependa kusema kwamba niligeuka siku ile. Sikugeuka. Nilishukuru, niliona aibu, na bado niliamini kosa ni la mvua. Ilibidi mvua yenyewe ije kunisahihisha.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1997 ilikuja El Niño. Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto upande wetu wa Afrika, na mawingu yaliyotoka huko hayakuisha hadi mwaka mpya. Nilikuwa nimeomba mvua, nikapewa kuliko nilivyoomba, na kwangu haikukaa. Mteremko wangu ulikuwa umepigwa na kwato na jua mpaka juu yake pamekuwa ganda. Matone yaliupiga, ganda likazidi kuziba, maji yakateremka yote kwa pamoja, mekundu. Yalichimba korongo kando ya zizi, na kila mvua iliyofuata ililipanua. Mbolea yote ya zizi ilikwenda. Siku moja mvua ilipopungua nilisimama mpakani nikatazama upande wa Mayu. Mteremko ni ule ule, udongo ni ule ule wa luseni. Kule maji yalikuwa yanatembea polepole kati ya mashina ya nyasi, yanaingia chini, na yaliyotoka mwisho wa ngitili yalikuwa karibu kuwa meupe. Kiangazi kilichofuata kisima changu kilikauka Julai kama kawaida. Kijito kidogo chini ya ngitili yake kilikuwa bado kinatoa maji.

Pale ndipo imani yangu ilipovunjika. Mwaka uliotangulia mvua ilikosekana, mwaka huu ilizidi, na miaka yote miwili mimi nilikuwa na shida na Mayu alikuwa na nyasi.

Nilimfuata bwana misitu mwenyewe. Alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, na ndiye niliyemwaibisha mbele ya mkutano. Hakunikumbusha. Alikuja na jembe na kisu, tukatembea kwenye mteremko wangu, nami nikamwambia hapa hakuna kilichobaki, labda aniletee miche. Akachuchumaa kwenye kisiki kimoja, kifupi, kimekauka juu, ambacho mimi mwenyewe nilikikata. Akafukua pembeni. Mzizi ulikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima na ulikuwa ukienda chini tusikoona. Akaukwaruza gome. Ndani palikuwa pabichi, na utomvu ukaanza kujikusanya. Akanionyesha kuzunguka kisiki vijiti vidogo vilivyong'atwa, vingine vya mwaka huo, vingine vya miaka ya nyuma vimekauka.

"Mgunga huu haujafa, mzee," akaniambia. "Kila mvua unachipua, na kila mvua mbuzi wako wanakula."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Uuache."

Nimeshasikia mahubiri mengi juu ya neema, na siku ile ndiyo niliyoielewa kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa gharama: miche, maji, uzio wa waya. Kumbe mteremko wote ulikuwa na visiki vya namna ile, chini ya ardhi mizizi imetunza uhai miaka yote niliyokuwa nakata, na kilichotakiwa kwangu kilikuwa kuondoa mkono.

Kijana yule alinifundisha mengi kwa miaka iliyofuata, na hakunidanganya. Nilimuuliza kama miti yangu italeta mvua. Alisema mvua yetu inatawaliwa na vitu vikubwa: jua linapohamia kusini na ukanda wa mvua kulifuata, joto la bahari, upepo unaotoka Ziwa Victoria na misitu ya Kongo. Mtu mwenye ekari chache haigeuzi tabianchi. Anachoweza kuamua ni nini kitatokea tone likishagusa udongo wake. Jibu hilo lilinipa amani. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kulaumu sehemu nisiyoiweza, na sehemu niliyopewa kuitunza nilikuwa naichoma.

Siku moja alinipeleka kwenye zizi letu la zamani, lile tulilolihama wakati wa Operesheni. Migunga ilikuwa imesongamana pale kuliko mahali popote, na nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote. Kiangazi ng'ombe na mbuzi hula maganda ya mgunga. Mbegu ni ngumu, nyingi hupita tumboni bila kusagika, na zile ambazo wadudu watoboao wameanza kuziingia, tumbo la mnyama huwaua kabla hawajazimaliza. Halafu zinadondoka pamoja na mbolea. Ng'ombe wangu walikuwa wakipanda miti ile ile niliyokuwa nikiigeuza mkaa. Mgunga nao ni wa ukoo mmoja na kunde: kwenye mizizi yake wanaishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuufanyia mti chakula, nao mti unawalipa sukari, na majani yanapodondoka nyasi za chini hufaidi. Ndiyo maana chini ya mgunga nyasi hubaki kijani muda mrefu kidogo. Kila mchungaji wa Kisukuma amelala hapo mchana, akaona ni kivuli tu.

Kule mbugani kuna mgunga mfupi wenye vifuko vyeusi vigumu kwenye miiba, na upepo ukivipitia vinapiga mluzi. Aliniambia nitikise tawi. Sisimizi walitoka kwenye vitundu vya vifuko vile, wakiwa wameinua makalio juu, wakanipanda mpaka kwapani na kuning'ata kote. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, wao wanaulinda na mbuzi, na kwenye hifadhi wanaulinda hata na twiga. Mkono uliniwasha hadi jioni. Tangu siku hiyo sijaweza kuliita eneo lolote pori tupu.

Kufunga kulikuwa kugumu kuliko kuelewa. Ndugu zangu waliona nimerogwa, na walijua wa kumshuku. Msiba mmoja ulipotokea kijijini na jina la Mayu likaanza kuzungushwa, safari hii nilisimama nikasema hadharani kwamba macho yale ni ya moshi, na kwamba mimi niliyesimama hapa nimekuwa nikimwibia mwanamke huyu usiku, naye amelisha ndama wangu. Baadhi ya marafiki niliwapoteza siku hiyo. Baadaye nilikwenda kwake kumwomba radhi kwa maneno yangu mwenyewe, maana kusema mbele za watu ni rahisi kuliko kusema mbele ya mmoja. Alinisikiliza, akasema, "Nimesikia, baba," kisha akaniuliza kama maksai wameshapona mabega.

Nilianguka pia. Mwanangu wa pili alipofaulu kwenda sekondari na ada ikakosekana, niliingia kwenye ngitili yangu mwenyewe na shoka, nikakata miti iliyokuwa imefika urefu wa mtu mara mbili, nikachoma mkaa. Sungusungu walinitoza faini, kwa sababu wakati huo kijiji kilikuwa kimeshapitisha sheria ndogo na mimi nilikuwa nimeipigia kura. Nililipa. Mtoto alisoma. Sitasema nilikosea kumsomesha, lakini kulikuwa na mbuzi zizini ambao ningeweza kuwauza, na nilichagua miti kwa sababu miti haikunigharimu kitu kuipata. Visiki vile vilichipua tena. Mara ya pili.

Kilichorudi kilirudi kwa mpangilio wake. Kwanza magugu ya msimu, ambayo yalinikatisha tamaa. Kisha nyasi za kudumu, zile zenye mashina yanayoshika udongo. Machipukizi yalipopita urefu wa mdomo wa mbuzi, ndege wakaanza kutua, na ndege walileta mbegu ambazo sikuzijua zimetoka wapi, mikole na mingine ya dawa ambayo mama alikuwa akiitafuta siku nzima. Kanga wakarudi. Nikatundika mizinga ya magogo, nyuki wakaingia. Kuni zikawa za kuokota. Mke wangu alirudisha kinyesi cha ng'ombe shambani bila mimi kumwambia.

Hatukuwa peke yetu. Mradi ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zilikuwa zinakadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na wataalamu walihesabu ndani yake spishi zaidi ya 100 za miti na vichaka, na zaidi ya 100 za ndege. Nikizisoma namba hizo ninakumbuka mkutano ule ambapo upinzani wangu ulipigiwa makofi.

Na haikuwa baraka bila mzigo. Fisi walirudi na mbuzi wangu kadhaa wamekwenda nao. Nyoka wako. Kwelea kwelea hupenda kulala kwenye migunga iliyofunga, na mwenye shamba la mtama karibu hulipa. Miti ikisongamana nyasi hupungua chini yake, kwa sababu inagombea maji na mwanga, hivyo ilinibidi nijifunze kupogoa na kupunguza, kazi ambayo nilidhani ngitili haina. Hata mbung'o, tukiacha vichaka vifunge kila mahali, wana nafasi ya kurudi. Babu hakuwa mjinga. Alikuwa anapigana na kitu cha kweli, na mimi nilipaswa kujua wakati gani vita imekwisha.

Mayu alifariki akiwa mzee sana, kitandani kwake, na kijiji kizima kilimzika. Ninamshukuru Mungu kwa kifo hicho cha kawaida, kwa maana si wote wa rika lake waliokipata. Warithi wake wamegawana ngitili ile, na sehemu kubwa imeshalimwa. Siwalaumu. Watu wameongezeka, ardhi haijaongezeka, na mazao hulipa haraka kuliko nyasi. Wanangu nao wameniuliza ni lini tutagawana ya kwetu. Tumezungumza sana, mara nyingine kwa hasira. Tulichokubaliana mpaka sasa ni kuomba hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa jina la familia, ngitili ikiandikwa humo kuwa malisho, na mdogo wao apewe upande wa chini alime. Mkubwa bado hajatia sahihi. Ana watoto watano na sababu zake nazielewa.

Kama nawe una kipande, hata kama ni kidogo na hata kama unadhani hakina kitu, nenda na kisu kabla mvua hazijaanza ukwaruze visiki vyako. Ukikuta kisiki kibichi, funga kipande chako Novemba mvua za kwanza zikianguka. Ukisubiri Januari, mbuzi watakuwa wameshakula machipukizi ya mwaka huo na itakubidi ungoje mwingine. Mwaka wa kwanza utaona magugu tu. Usiyang'oe.